Mashine na Kitabu Chake

Karibu kila gari linalotoka Maskati kwenda Oman ya ndani hupita Bidbid. Hapo ndipo milima ya Hajar ilipoacha mwanya, bonde la Samail, na hapo ndipo barabara inapogawanyika: mkono mmoja unaelekea Nizwa na kusonga mpaka jangwa la mafuta, wa pili unashika mkoa wa Sharqiyah, Ibra hadi Sur. Watawala wa zamani waliujua uzito wa mahali hapa, wakaweka ngome ya udongo juu ya msingi wa mawe. Siku hizi wanaopita ni madereva wa malori yaliyobeba mabomba, pampu na vali. Chuma kilichoharibikia jangwani hurudi kwa njia hiyo hiyo, kikashuka Rusayl, eneo la kwanza la viwanda nchini, lililoanzishwa mwaka 1983, au kikaishia kwenye sanaiya, mtaa wa karakana, ya karibu zaidi. Huko hukutana na mashine isiyozungushwa kwa mkono. Hiyo hupewa namba, ikakata.

Mafundi huiita CNC: mashine ya kukereza au kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Vitabu husimulia historia yake kupitia wavumbuzi, na wavumbuzi wana haki yao. Lakini ukiifuata tangu Marekani mpaka Japani, tangu Mombasa na Nairobi mpaka bonde hili la Samail, swali moja linajirudia kila kituo: kitabu cha mashine kiko mikononi mwa nani, na nani anaweza kukisoma?

Watu watatu na karatasi ya namba

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya familia ya Parsons katika jimbo la Michigan ilipata kazi ya kutengeneza mapanga ya helikopta za Sikorsky. Panga la helikopta lina umbo la bawa, na umbo hilo halikubali kubahatisha. Hata hivyo, vipimo walivyoletewa vilikuwa vya nukta 17 tu za ukingo wake. Kati ya nukta na nukta, fundi alijaza mwenyewe kwa rula ya kupinda na kwa jicho lake.

Mwenye kiwanda, John T. Parsons, hakuridhika. Baada ya vita alimwajiri mhandisi Frank Stulen, naye akazikodolea macho mashine za IBM za kadi zenye matundu, ambazo ofisi zilizitumia kwa hesabu za fedha. Akazipigisha hesabu ya ukingo wa panga, zikatoa nukta 200. Kazi ikawa ya watu watatu: mmoja anasoma namba kwa sauti, wa pili anazungusha mkono wa kupeleka meza upande huu, wa tatu anazungusha wa upande ule. Kisu kinashuka, kinatoboa, kinapanda, na msomaji anataja namba inayofuata. Hivyo ndivyo udhibiti kwa namba ulivyoanza, kabla ya waya wowote kuunganishwa: kwa sauti ya mtu anayesoma karatasi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumwondoa msomaji. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba, naye akawaita wataalamu wa maabara ya chuo cha MIT wamsaidie upande wa mota. Wataalamu wale waliipanua kazi hata mwenyewe akajikuta pembeni. Septemba 1952 walionyesha walichounda: mashine kubwa ya kuchonga chuma ya Cincinnati Hydro-Tel iliyounganishwa na makabati matano, kila moja kama jokofu, yenye valvu za umeme karibu 300 ndani. Makabati hayo yalikaribia kulingana na mashine yenyewe kwa ukubwa. Amri ziliingia kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Wakati huohuo palikuwa na njia nyingine. Kampuni ya General Electric ilikuwa imejaribu mfumo ambao fundi hodari hukereza kipande cha kwanza kwa mikono yake, na kila mwendo wa mikono hiyo unarekodiwa kwenye utepe wa sumaku. Kuanzia hapo mashine hurudia alivyofanya. Mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu historia ya mashine hizi, alitoa hoja kwamba njia hiyo haikuachwa kwa sababu za kiufundi peke yake. Mfumo wa kurekodi ulimhitaji fundi. Utepe wa namba uliahidi kuihamisha kazi yake mpaka ofisini, kwa mpangaji wa programu. Wakuu wa viwanda na jeshi waliipenda ahadi hiyo, na fedha zikafuata upande huo.

Ahadi ilichelewa kutimia, kwa sababu kuandika utepe kulikuwa kazi ngumu kuliko kukata chuma. Ndipo Douglas Ross na wenzake wa MIT wakatengeneza APT, lugha ya kompyuta ya kueleza maumbo na njia ya kisu. Walipoitangaza mwaka 1959, waandishi wa habari walipewa vibweta vya kuwekea majivu ya sigara, vya alumini, vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Vibweta vilikwenda majumbani, na ufundi ukaingia kwenye kurasa. Tangu siku hizo, anayetaka kuitawala mashine lazima asome.

Njano ya mlima Fuji

Japani ilijifunza upesi. Katika kampuni ya Fujitsu, kikundi kilichoongozwa na mhandisi Seiuemon Inaba kilikamilisha mwaka 1956 mfumo wa kwanza wa udhibiti kwa namba uliotengenezwa na kampuni binafsi nchini humo. Mwaka 1972 kitengo hicho kilijitenga na kuwa Fanuc, ambayo baadaye ilihamia kwenye msitu chini ya mlima Fuji na kupaka kila kitu rangi ya njano, kuanzia majengo mpaka roboti. Fanuc haikutegemea kuuza mashine nzima za kukereza. Iliuza ubongo wake: kisanduku cha kompyuta, mota na viendeshi vyake. Waundaji wa mashine wa Japani, Taiwani, Korea na Ulaya walinunua ubongo huo na kuufunga kwenye chuma chao. Ujerumani ilikuwa na Siemens na Heidenhain, na Marekani ikawa na kampuni zake, lakini katika karakana nyingi za Asia na Ghuba skrini yenye jina la Fanuc ndiyo iliyozoeleka.

Amri zenyewe zilikuwa zimekubaliwa kimataifa. Kiwango cha Marekani kilichoitwa RS-274 kilipata toleo lake la mwisho mwaka 1980, na cha kimataifa, ISO 6983, kikatoka miaka miwili baadaye. G00 ni kukimbia bila kukata. G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka. G02 na G03 ni kukata kwa duara, moja kufuata mshale wa saa na nyingine kinyume. M03 huzungusha spindo, M05 huisimamisha, M30 humaliza kazi. Mwanafunzi huyashika haya kwa wiki chache. Ila hiyo ni ngozi ya juu tu. Chini yake kuna mamia ya namba nyingine, parameta, zinazoiambia kompyuta imefungwa kwenye mashine ya namna gani: meza inafika wapi, mota inazunguka kwa kasi gani, parafujo imelegea kiasi gani. Hizo hazikuwekewa kiwango na mtu yeyote. Kila kampuni ilijiandikia zake.

Thamani ya ubongo huo ilijulikana hadharani mwaka 1987. Ilifichuka kwamba kampuni ya Toshiba Machine ya Japani ilikuwa imeuuzia Umoja wa Kisovieti, kinyume cha vikwazo vya nchi za Magharibi, mashine kubwa za kuchonga mapangaboi ya nyambizi, na kwamba vidhibiti vyake vilitoka Kongsberg ya Norwe. Wamarekani walidai mapangaboi hayo yaliufanya mlio wa nyambizi za Kisovieti uwe mgumu kusikika. Wabunge wa Marekani walisimama kwenye uwanja wa Bunge lao na kuipondaponda redio ya Toshiba kwa nyundo mbele ya kamera. Redio haikuwa na hatia yoyote, ila ulimwengu ulielewa: kidhibiti na maelezo yake vilikuwa vimekuwa siri za kivita.

Pwani yajifunza kukereza

Mwaka 1951, mwaka mmoja kabla ya maonyesho ya MIT, Mombasa ilifungua Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyofahamika kwa kifupi cha Kiingereza, MIOME. Ilikusudiwa kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Aga Khan alitoa pauni 100,000. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, aliyezaliwa Maskati mwaka 1879, akatoa kiasi kama hicho. Jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni nazo zilichangia. Vijana walijifunza mitambo, umeme na injini za meli. Wakazoea mikromita, wakazoea mchoro wa kiufundi, na wakazoea jambo ambalo lingekuwa na faida kubwa zaidi baadaye: kusoma kitabu cha mashine kwa Kiingereza na kukitii. Chuo hicho kilikuja kuwa Mombasa Polytechnic, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kisha ikaja Januari 12, 1964. Mapinduzi ya Zanzibar yaliwatawanya maelfu ya watu wenye asili ya Oman, wengi wakiwa na mizizi katika vijiji vya mikoa ya Dakhiliyah na Sharqiyah. Nchi ya mababu haikuwapokea kwa urahisi. Sultani Said bin Taimur aliifunga milango yake, na waliokosa njia wakaishia Kairo, Kuwait, Dubai au Uingereza. Mafuta yalikuwa yameshapatikana Oman, na shehena ya kwanza ilisafirishwa mwaka 1967. Lakini mpaka mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali zenye wavulana 909.

Julai 23, 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Wale wa Afrika Mashariki walirudi na kitu ambacho serikali mpya ilikihitaji kuliko fedha: kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na desturi ya kazi za ofisi na karakana. Wakaingia katika kampuni ya mafuta, wizara, benki, umeme na simu. Kiswahili kikawa kinasikika kwenye korido za Maskati hata wageni wakashangaa. Jenereta, pampu na vituo vya umeme vilivyokuwa vikiletwa kwa haraka vilikuja na masanduku ya vitabu, na vitabu hivyo havikuwa kwa Kiarabu. Aliyesoma Unguja au Mombasa aliweza kuketi navyo, akafasiri, akatoa amri. Elimu iliyolipiwa Mombasa na sultani mzaliwa wa Maskati ikawa, kwa njia iliyozunguka bahari na mapinduzi, inaitumikia Oman.

Nairobi na gari la Nyayo

Kusini, Kenya iliamua kuingia kwenye chuma kwa mlango mwingine. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kikenya, hata likiwa baya kwa sura na zito kwa mwendo. Wahandisi wa chuo walishirikiana na karakana za Shirika la Reli, ambazo tangu enzi za mvuke ndizo zilizokuwa na mafundi wakerezaji wenye uzoefu mkubwa nchini. Februari 1990, Kasarani, yalionyeshwa magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer. Matano yalitengenezwa, na yaliweza kufika kasi ya kilomita 120 kwa saa.

Kutengeneza magari matano na kutengeneza magari elfu tano ni kazi mbili tofauti. Gari la majaribio fundi hulifanya likae sawa kwa kupiga tupa hapa na kusukuma pale. Gari la kiwandani linataka pistoni ya leo iingie kwenye injini ya kesho bila kuguswa, na hapo ndipo mashine za namba zinapohitajika. Lilianzishwa shirika la Nyayo Motor ili kuingia kwenye uzalishaji. Fedha hazikutosha, na mwishoni mwa mwaka 1991 wafadhili waliisimamishia Kenya misaada. Gari halikufika sokoni.

Kilichosalia ni karakana na watu wake. Mwaka 1994 shirika lilibadilishwa jina likawa Numerical Machining Complex, jina linalotaja waziwazi mashine za namba, likabaki kwenye eneo la karakana za reli Nairobi likitengeneza gia, boliti na vipuri vya viwanda. Mwaka 2021 lilihamishiwa Wizara ya Ulinzi. Wakenya wengi wanapoitaja Nyayo Pioneer hucheka. Wangetazama nyuma ya gari wangeona jambo lenye uzito: nchi ya Afrika Mashariki iliyoamua kuwa na mahali ambapo wahandisi na mafundi wake wanaijua mashine ya namba kutoka ndani. Na jeshi halikuichukua karakana hiyo kwa kumbukumbu ya gari.

Betri zikiisha

Kujua kutoka ndani maana yake ni nini? Chukua kidhibiti cha Fanuc cha toleo la 0, kilichoenea tangu katikati ya miaka ya 1980 na ambacho bado kinafanya kazi katika karakana nyingi. Parameta zake zinakaa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri tatu za kawaida, kubwa kama za tochi. Zikianza kuchoka, herufi BAT humetameta kwenye skrini. Kitabu kinasema zibadilishwe mashine ikiwa imewashwa. Asiyekisoma hufanya kama angefanya kwa tochi: anazima kwanza. Akiwasha tena, mashine ya mamilioni haijui ina meza yenye urefu gani.

Kuirudisha ni kazi ya subira. Fundi huweka kidhibiti kwenye hali ya kuingiza kwa mkono, hufungua ukurasa wa mipangilio, na kubadili PWE, ruhusa ya kuandika parameta, kutoka 0 kuwa 1. Papo hapo alamu namba 100 inawaka, na mgeni wa kazi hushtuka. Alamu hiyo haisemi kuna kilichovunjika. Inamkumbusha kwamba mlango wa parameta uko wazi. Kuna kundi la parameta za mia tisa, la huduma alizolipia mnunuzi wa kwanza. Hizo hazikisiwi, zinanakiliwa kutoka karatasi iliyokuja na mashine, mara nyingi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme. Namba 700 na zinazoifuata ni mipaka ya mwendo. Ukikosea hapo meza hugonga mwisho wa reli. Namba 535 mpaka 537 ni ulegevu wa parafujo, na hizo hakuna kitabu kinachokupa jibu lake. Fundi hubandika kipimo cha mshale kwenye meza, huisogeza meza upande mmoja mpaka mshale ukae sifuri, huipeleka mbele zaidi, kisha huirudisha kwa kiasi kilekile. Mshale ukikataa kurudi sifuri, ukabaki nyuma kwa sehemu tatu za mia za milimita, anaandika 30. Mashine kongwe ikizidi kuchakaa, namba hiyo nayo hupanda.

Baada ya hapo vitabu vyenyewe vinaanza kutupiana mpira. Kitabu cha Fanuc, chenye namba inayoanza na B, kinaeleza kila kitu mpaka kinapofika kwenye kibadilisha visu, pampu ya maji au mlango, kisha kinamwambia msomaji atazame kitabu cha aliyeunda mashine. Na kweli, hayo ni ya muundaji. Kitabu chake, kama kilitoka Taiwani, huenda ni kurasa arobaini za Kiingereza kilichopinda, chenye michoro ya umeme iliyofifia kwa kunakiliwa. Mashine iliyonunuliwa imetumika, kama nyingi za sanaiya, mara nyingi hufika bila vitabu vyote viwili. Basi Kijapani kimefasiriwa Kiingereza, Kiingereza kinasomwa na fundi wa Kerala au Pakistani, naye anamweleza mwenye kazi kwa Kiarabu cha dukani. Mwenye kazi, kama ni wa watu wa Unguja, anageuka na kumweleza nduguye kwa Kiswahili. Katika kila mkono kuna kinachodondoka.

Ndiyo maana hazina ya karakana huwa daftari. Fundi mzoefu huandika humo kila parameta aliyoigusa, tarehe, namba ya zamani na namba mpya. Ndoto ya wakuu wa miaka ya 1950, ya kuhamishia ufundi wote ofisini, iliishia hapo: mlangoni pa mashine, kwa mtu mwenye kalamu na mikono ya mafuta.

Kufuli na funguo

Tangu hapo waundaji wameongeza kufuli. Baadhi ya mashine za Japani zina kifaa kinachotambua kwamba zimehamishwa; zinajifunga mpaka muundaji atoe idhini, kwa hofu ileile ya mwaka 1987, kwamba chuma kitafika kwa asiyetakiwa. Kwa mwenye karakana aliyeisogeza mashine yake ukutani ili apate nafasi, hiyo ni siku kadhaa za kusubiri.

Upande wa pili funguo zimemwagwa. Katika miaka ya 1990 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kudhibiti mashine na kuiacha huru kwa umma. Kutokana nayo ikakua LinuxCNC, ambayo mtu yeyote huiweka kwenye kompyuta ya kawaida bila kulipa. Parameta zake zote ziko kwenye mafaili ya maandishi ambayo mwanafunzi anaweza kuyafungua, kuyasoma na kuyaharibu mpaka aelewe. Mashine kongwe iliyokufa ubongo inaweza kufufuliwa nayo, ikiwa mota zake bado nzima.

Vyuo vya ufundi vya Nizwa na Ibra, ambavyo tangu mwaka 2020 viko chini ya Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, viko pande zote mbili za njia panda ya Bidbid, na Mombasa na Nairobi zina vyao. Wahitimu wa vyuo hivi watanunuliwa mashine na watu wanaoangalia bei, rangi na mwaka wa kutengenezwa. Historia hii inawapa swali la kuuliza kabla ya sahihi: vitabu vyote viwili vipo? Orodha ya parameta ya kiwandani ipo, na imenakiliwa nje ya mashine? Muuzaji akijibu kwamba yuko mtu wa kupigiwa simu, wajue kwamba wameuziwa chuma, na ubongo umebaki kwake.